Binti, Mshahara na Nyumba: Upungufu Mmoja wa Riwaya na Tamthilia ya Kiswahili

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulika kwa muda mrefu na suala la mwanamke. Zimeandikwa tasnifu na makala nyingi juu ya mwanamke kama mtu wa kuonewa, mwanamke kama chambo cha kuwapoteza wanaume, na mwanamke kama mkombozi wa jamii yake. Suala ambalo halijapewa nafasi ya kutosha ni finyu zaidi, na pengine gumu zaidi. Binti wa nyumba maskini anapopata kazi, na nyumba ikagawanyika kwa sababu ya kazi hiyo, mgawanyiko huo umo wapi katika fasihi?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, isipokuwa katika kazi chache, mgawanyiko huo haumo, na kwamba kukosekana kwake kunatokana na jinsi msuko wenyewe unavyojengwa. Aghalabu mtunzi humtoa binti nyumbani kwao kwanza, kwa kifo cha wazazi, kwa kufukuzwa au kwa kutoroka, ndipo ampe kazi. Hivyo nyumba ambayo ingekula mshahara wake hutoweka, na mgogoro uliokuwa wa watu wengi hugeuka kuwa majaribu ya mtu mmoja. Msomaji humhurumia mtu huyo, lakini haonyeshwi ni nani aliyenufaika kwa jasho lake.

Ili hoja isielee hewani, fasihi itapimwa kwa maisha ya mtaa mmoja unaojulikana, yaani Chaani, katika upande wa bara wa Mombasa.

1. Nyumba ya Chaani

Chaani ni mojawapo ya wadi za eneo la uwakilishi bungeni la Changamwe. Imezungukwa na mahali pa kazi: bandari upande wa Kipevu, uwanja wa ndege, reli, barabara kuu ya kwenda bara, na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Waluo, Waswahili na wengineo, Waislamu kwa Wakristo, na wengi wao huishi katika vyumba vya kupanga. Mtaa wa namna hii ulitegemea mabega ya mwanamume: kibarua wa bandarini, mpakizi, dereva wa lori na utingo wake.

Tegemeo hilo limepungua hatua kwa hatua. Makontena yalichukua nafasi ya gunia na ya mtu aliyelibeba. Kiwanda cha mafuta kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Mwaka 2019 serikali iliamuru shehena za bara zisafirishwe kwa reli mpya, na watu wa Mombasa wakaandamana barabarani kwa kuwa waliona riziki ya malori na ya wote waliolishwa na malori inakatwa. Katika hali hiyo, mtu wa nyumbani ambaye nguvu zake bado zina mnunuzi ni binti aliyemaliza shule, na mnunuzi huyo aghalabu yuko ng'ambo, katika nchi za Ghuba.

Safari hizo zina historia ya kusitasita. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilizuia upelekaji wa wafanyakazi Mashariki ya Kati na kufuta leseni za mawakala. Mwaka 2017 mlango ukafunguliwa tena baada ya mapatano na baadhi ya nchi hizo. Mwaka 2021 Bunge liliarifiwa kuwa Wakenya zaidi ya 80 walikuwa wamekufa nchini Saudi Arabia katika mwaka huo na ule uliotangulia, na wengi wao walikuwa watumishi wa majumbani. Habari hizi hazikuwa siri katika vyumba vya Chaani. Binti alikwenda ilhali yeye mwenyewe, baba yake na mama yake walikuwa wamezisikia.

Hapa ndipo mgogoro wenyewe unapoanzia, na sifa yake kubwa ni kwamba kila mmoja nyumbani ana haki ya kusema anachosema. Baba anakataa. Anasema binti hauzwi, naye anasema kweli, lakini kukataa kwake kumechanganyika na fedheha ya mtu ambaye jina lake haliitwi tena langoni mwa bandari. Mama anataka aende. Si kwamba hana uchungu. Yeye ndiye anayelijua deni la duka, na ndiye anayezungumza na mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Kaka anakaa kimya, kwa sababu karo ya chuo itatoka katika mshahara huo. Mdogo wa kike analia, na kilio chake kina sababu mbili: dada anaondoka, na kazi zote za dada zitakuwa zake, pamoja na kumlea mtoto mchanga ambaye dada anamwacha nyuma. Shangazi Mwislamu atasema kwamba nchi yenye Makka na Madina haiwezi kuwa nchi mbaya. Jirani Mkristo atauliza kama binti ataruhusiwa kusali.

Baada ya safari mgogoro hubadilika sura. Swali linakuwa fedha zitumwe kwa simu ya nani. Tangu fedha zianze kutumwa kwa simu nchini Kenya mwaka 2007, mwenye nambari inayopokea ndiye mwenye kauli ya mwisho nyumbani. Binti akituma kwa mama, amemvua baba kilemba mbele ya watoto. Akituma kwa baba, huenda deni la duka lisilipwe. Akituma kwa kaka, amewavua wote wawili. Tendo la sekunde chache limebeba suala zima la mamlaka katika nyumba, na mtunzi wa tamthilia hahitaji kulitafutia kingine cha kuliongezea uzito.

2. Binti asiye na nyumba

Sasa zitazamwe riwaya. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), Rehema ni mtoto wa mwinyi mwenye shamba. Mama yake amekufa, naye anaishi kwa kuonewa katika nyumba ya baba yake hadi anatoroka. Maisha ya mjini yanayofuata, pamoja na fedha anazozipata kwa kuutoa mwili wake, hayamhusu tena mtu yeyote wa nyumbani. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna amefungiwa ndani na Maksuudi, baba tajiri mwenye cheo na unafiki. Naye anatoroka, naye anaangukia katika maisha ya baa na danguro. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), Yasmin anapomkimbia mume aliyeozwa, jamaa zake wanamfungia mlango. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), Imani anafanya kazi ya nyumbani kwa Mwalimu Majisifu na kuwalea watoto wake kwa uaminifu, lakini anaingia katika kazi hiyo akiwa yatima.

Riwaya hizi nne zinatofautiana sana kwa itikadi, kwa ufundi na kwa wakati. Zinalingana katika jambo moja: binti anapoanza kuipata shilingi yake, hakuna anayeingoja. Hana mama wa kumtumia, wala mdogo wa kumsomesha, wala baba wa kugombana naye juu ya matumizi. Mtunzi amekwisha kumtenga.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) huonekana kuwa kinyume cha kanuni hii, kwa maana nyumba ya Zakaria na Regina kisiwani Ukerewe imo katika riwaya tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ugomvi wa nyumba hiyo ni juu ya mwili wa Rosa: nani anamwandikia barua, nani anamtazama, atalindwaje. Zakaria mlevi anaijua thamani ya binti kwa mintarafu ya mahari na heshima. Mshahara wa binti haupati kuwa kiini cha ugomvi, ingawa elimu anayopewa Rosa ni ya kumfanya mwalimu, yaani mtu wa kulipwa.

Inafaa hapo ikumbukwe Kuli, riwaya nyingine ya Adam Shafi (1979). Rashidi anaingia kazi ya ukuli katika bandari ya Unguja, na riwaya inaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua: uzito wa mizigo, ujira, ajali, na hatimaye mgomo wa mwaka 1948. Nyumba aliyotoka iko pamoja naye, na ufukara wake ndio unaoeleza kwa nini anabeba. Msomaji wa Chaani anaitambua mara moja bandari hiyo, kwani Mombasa nayo ilikuwa na mgomo wake mkuu Januari 1947. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba riwaya ya Kiswahili haikuwa na uwezo wa kuieleza kazi ya maskini pamoja na nyumba yake. Uwezo ulikuwapo, ila ulitumiwa kwa mwana wa kiume. Kazi ya mwanamume ilisimuliwa kama kazi, na ya binti ikasimuliwa kama mwenendo. Mwenendo huhukumiwa kwa wema na ubaya, na huishia kwa toba, ndoa au kifo. Kazi huulizwa maswali mengine: saa ngapi, kwa ujira gani, na kwa faida ya nani.

3. Tamthilia mbili

Tamthilia imekwenda mbele kidogo kuliko riwaya, pengine kwa sababu jukwaa hupenda chumba kimoja chenye watu wanaopingana. Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981), mtunzi mzaliwa wa Mombasa, inamweka Lanina mbele ya wafanyakazi wanaodai haki zao shambani. Upinzani unaomkabili unatoka kwa mwajiri na unatoka pia kwa watu wake, wanaoona kwamba mwanamke anayesimama mbele ya wanaume amevunja desturi. Hapa uhusiano wa mwanamke na kazi umekuwa suala la hadhara na la nyumbani kwa wakati mmoja. Walakini Lanina ni kiongozi. Tamthilia inauliza kama ana haki ya kuongoza, na haikawii juu ya ujira wake kama tegemeo la walio nyuma yake.

Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo imesomwa na wanafunzi wengi wa shule za upili nchini Kenya, inalikaribia suala hili kuliko kazi nyingine zilizotajwa. Neema ni binti mwenye kazi. Mama yake, Sara, ni mgonjwa. Baba yake, Yona, alikuwa na historia ya ulevi na ugomvi. Na mumewe, Bunju, haoni kwa nini mzigo wa wakwe uingie nyumbani mwake. Swali la nani ana haki juu ya kipato cha binti aliyeolewa linasemwa waziwazi, na kila mhusika anapewa hoja yake. Hili ni jambo la kusifiwa, maana mtunzi hakumtoa binti nyumbani ili aweze kumtazama.

Lakini katika nyumba ya Neema yumo mtu mwingine anayelipwa, Bela, mtumishi wake. Neema anaweza kwenda kazini na kumsaidia mama yake kwa kuwa Bela amebaki nyumbani na mtoto. Bela naye ni binti wa watu. Tamthilia inayopima kwa makini mshahara wa Neema umekwenda wapi haiufuati mshahara wa Bela hadi nyumba iliyomtuma. Mzani uliotumika kwa binti wa tabaka la kati haukutumika kwa binti maskini aliyesimama katika jukwaa lilelile. Bela ndiye angetoka Chaani, na Bela ndiye angepanda ndege.

4. Majina ya kazi

Upungufu huu wa fasihi unasaidiwa na lugha. Neno kijakazi, ambalo bado hutumika katika maandishi kumtaja mtumishi wa kike, lina mzizi mmoja na mjakazi, yaani mtumwa mwanamke. Utumwa uliondolewa nguvu ya kisheria Unguja mwaka 1897, na katika eneo lililokuja kuwa Kenya mwaka 1907. Neno halikuondoka pamoja na sheria. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 hivi na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake, ni wasia wa mama juu ya mwenendo wa binti katika nyumba ya kiungwana, na nyumba za namna hiyo zilikuwa na watumwa wa kuzifanya kazi zake za mikono. Binti aliusiwa na mjakazi akaamrishwa. Mzee wa pwani anapokataa mjukuu wake akatumikie nyumba ya Ghuba, masikio yake yanasikia mgawanyo huo wa kale, na si haki kumwita mjinga.

Maneno mapya hayakuleta nafuu. Wanaorudi kutoka Saudi Arabia wamerudi na neno kadama, na wengine na shaghala. Mwanafunzi wa lugha ataona mara moja kwamba la kwanza linatokana na mzizi wa Kiarabu ambao Kiswahili kilikwisha kuupokea katika hadimu na huduma, na la pili linatokana na mzizi wa shughuli. Huduma ni neno la heshima: serikali hutoa huduma, daktari hutoa huduma, na mwenye shughuli nyingi ni mtu wa maana. Mzizi uleule ukitamkwa na mwajiri jikoni hugeuka kuwa jina la kumwita mtu bila kulitaja jina lake. Tofauti haimo katika mzizi. Imo katika mahali neno linaposemewa na katika mtu anayelisema.

Nyumba inayopokea fedha nayo ina maneno yake. Aghalabu husemwa kwamba binti yuko nje, au yuko Saudia, na jina la kazi huachwa. Methali hutumika kufunika pengo: kazi mbi si mchezo mwema. Methali hii ina hekima yake, lakini inamsemesha mfanyakazi peke yake. Haimuulizi anayekula. Ipo nyingine isemayo mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kwa kawaida hutumiwa kumwonya mvivu. Katika nyumba ya Chaani ingemgeukia baba, kaka na hata mama, na huenda ndiyo sababu haisikiki siku fedha zinapoingia. Mtunzi mwenye sikio angezikuta methali hizi mbili zikigombana katika chumba kimoja.

5. Mfano wa Ufilipino

Suala hili si la pwani ya Kenya pekee, na ulinganisho mmoja utasaidia kuonyesha kwamba linaweza kusanifiwa. Ufilipino ilianza kupeleka wafanyakazi ng'ambo kwa mpango wa serikali kufuatia sheria ya kazi ya mwaka 1974. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino aliwaita wafanyakazi hao mashujaa wapya wa taifa. Tarehe 17 Machi 1995 Flor Contemplacion, mtumishi wa nyumbani, alinyongwa nchini Singapore baada ya kuhukumiwa kwa mauaji. Nchi yake ilitikisika kwa hasira, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa ng'ambo.

Sanaa ya nchi hiyo haikuishia kwenye maombolezo. Mwaka huo wa 1995 ilitolewa filamu juu ya Flor Contemplacion. Mwaka 2000 ikatolewa Anak, iliyoongozwa na Rory Quintos, ambamo mama aliyefanya kazi ya nyumbani Hong Kong anarudi na kukuta kwamba fedha zake zimefika na yeye hakufika: watoto aliowalisha hawamjui tena, na mkubwa wao, binti, anamchukia. Filamu hii haikuwa kisa cha jeneza. Iliirudisha kamera sebuleni, ambako mshahara ulitumika, na kuwaacha wote waliotumia waseme.

Hatua hiyo ya pili ndiyo ambayo Kiswahili hakijaipiga kwa uzito unaostahili. Ushahidi wa mateso ya ng'ambo umekusanywa na mashirika ya haki za binadamu: Human Rights Watch mwaka 2017 juu ya wanawake wa Tanzania walioajiriwa Omani na Falme za Kiarabu, na Amnesty International mwaka 2025 juu ya Wakenya walioajiriwa Saudi Arabia. Kazi ya ripoti ni kumwonyesha mwajiri na serikali makosa yao, na ni kazi ya lazima. Riwaya ikirudia kazi hiyohiyo itakuwa ripoti isiyo na takwimu.

6. Pingamizi

Pingamizi mbili zatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba watunzi wa miaka ya sabini na themanini hawawezi kulaumiwa kwa kutoiandika hali iliyoenea baadaye. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau ingelikuwa Ghuba ndiyo inayodaiwa. Kinachodaiwa ni nyumba. Wasichana waliofanya kazi mijini na kutuma fedha kwao walikuwapo tangu kabla ya uhuru, na makosa ya baa yaliandikwa kwa marefu na mapana bila bahasha iliyorudi kijijini kutajwa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Yaweza kusemwa kwamba kuionyesha nyumba ikila mshahara wa binti ni kuwalaumu maskini kwa umaskini wao, na kuwasahau wakala, mwajiri na serikali iliyoiacha bandari ikose kazi. Hatari hiyo ipo. Lakini mama wa Chaani anayemruhusu mwanawe aende huku akijua ya mwaka 2021 hapunguziwi utu kwa kuonyeshwa akiruhusu. Anapunguziwa utu anapoachwa nje ya kisa, kana kwamba hakuwa na uamuzi wa kufanya, au alifanya uamuzi rahisi. Mfumo unaomnyonya maskini huonekana vizuri zaidi pale unapomlazimisha achague kati ya watoto wake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili imekuwa na desturi ya kumtenga binti na nyumba yake kabla ya kumpa kazi, kwamba tamthilia imeanza kuivunja desturi hiyo bila kumfikia binti maskini, na kwamba msamiati uliopo humsaidia mwajiri na nyumba pia kutomtaja. Wahakiki nao wana sehemu yao. Wamezoea kuuliza kama mhusika wa kike amechorwa kwa wema au kwa ubaya. Ingefaa waanze kuuliza, katika kila kazi yenye mwanamke anayelipwa, fedha zake zimekwenda kwa nani, na huyo aliyezipokea amepewa maneno gani ya kusema. Swali hilo likiulizwa juu ya Rehema, Maimuna, Imani na Bela, jibu ni lile lile: maandishi yamenyamaza. Huko Chaani nyumba hazikunyamaza. Zimegombana juu ya safari, juu ya nambari ya simu, na juu ya mtoto aliyeachwa, kwa Kiswahili ambacho mtunzi yeyote angeweza kukisikia kupitia ukuta wa chumba cha pili.